Kulihudumia Gari Lililozeeka Nyumbani kwa Mikono Yako

Gari lenye umri wa miaka 15 au 20 halihudumiwi kwa namna ileile gari jipya linavyohudumiwa. Gari jipya hufuata kitabu chake: kilomita zikitimia, oili na filta hubadilishwa, na mwenye gari huendelea na safari zake. Gari lililozeeka lina historia, na mara nyingi historia hiyo huijui, kwa kuwa limepita mikononi mwa watu wawili au watatu kabla yako na kila mmoja wao aliacha jambo fulani alilokuwa akiliahirisha. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na daftari kabla ya spana, na kanuni inayouongoza tangu mwanzo hadi mwisho ni moja: fanya kazi moja, endesha gari, tazama matokeo, kisha ndipo ushike nyingine. Mtu akibadilisha plagi, akafungua nyaya za betri na kumwaga kulanti (maji maalumu ya kupoza injini), yote katika Jumamosi moja, halafu Jumapili injini ikaanza kutetemeka, atabaki anapiga ramli asijue ni wapi alipokosea.

Hatua ya kwanza: Tambua hali ya gari kabla ya kulifungua

Tafuta kitabu cha mwongozo cha gari lako, kisha andika katika ukurasa wa kwanza wa daftari namba ya chasisi, namba ya aina ya injini, kiasi cha oili kinachoingia, aina ya oili inayoruhusiwa na kiwango cha upepo wa matairi. Namba ya chasisi ina umuhimu kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu gari la jina moja na mwaka mmoja linaweza kuwa lilitoka kiwandani na injini za aina mbili, na kipuri kilichonunuliwa kwa kutaja jina la gari peke yake mara nyingi hukataa kukaa mahali pake.

Jioni, gari likiwa limeshaegeshwa, tandaza kipande kikubwa cha katoni chini ya injini na uliache hadi asubuhi. Matone utakayoyakuta yatakueleza mengi. Tone la kahawia iliyokolea au jeusi ni oili ya injini. Tone jekundu au la waridi lenye utelezi wa mafuta hutoka kwenye gia ya otomatiki au kwenye usukani wa mafuta. Tone la kijani, la buluu au hata la waridi, lakini jepesi kama maji na lenye harufu ya utamu, ni kulanti. Maji safi yasiyo na rangi wala harufu, hasa baada ya kutumia kiyoyozi, si ugonjwa wowote. Ukikuta umajimaji mwangavu au wa manjano hafifu karibu na gurudumu, huenda ni mafuta ya breki, na gari hilo halipaswi kutoka hapo mpaka chanzo kimejulikana. Harufu ya petroli nayo haina mjadala: usiwashe injini.

Andika ulichokiona, tarehe, na kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi. Kwa kila huduma ambayo huna ushahidi kwamba ilifanyika, chukulia kwamba haikufanyika. Kauli ya muuzaji kwamba mkanda wa taiming, ule wa ndani unaoendesha valvu za injini, ulibadilishwa hivi karibuni si ushahidi. Risiti au stika yenye kilomita ndiyo ushahidi.

Hatua ya pili: Andaa mahali, vifaa na usalama wako

Fanya kazi juu ya sakafu ngumu iliyo sawa, kamwe si juu ya udongo laini wala mteremko. Zuia magurudumu yanayobaki chini kwa vipande vya mbao au matofali imara, vuta breki ya mkono, na ulegeze nati za gurudumu kidogo kabla gurudumu halijainuliwa. Jeki ni ya kuinulia tu. Kinachoshikilia gari ni stendi, na mtu asiingize hata bega chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, kwa kuwa jeki ya mafuta inaweza kushuka bila onyo sili yake inapochoka. Gari likishakaa juu ya stendi, lisukume kwa nguvu ukiwa umesimama pembeni. Kama litayumba, ni heri liyumbe wakati huo.

Kwenye gari la zamani kuna tahadhari ya ziada. Sehemu za kuwekea jeki zilizo kwenye ukingo wa chini wa bodi huwa za kwanza kuliwa na kutu, na rangi inaweza kuficha bati lililobaki jembamba kama karatasi. Gonga sehemu hiyo kwa mpini wa bisibisi. Ikitoa mlio mzito, ni nzima. Ikibonyea au kumwaga vumbi la kutu, tafuta sehemu nyingine ambayo kitabu kinairuhusu, kwa mfano fremu inayobeba injini.

Vifaa havihitaji kuwa vingi. Spana na soketi za kuanzia namba 8 hadi 19, bisibisi, koleo, brashi ya waya, multimita, glavu, miwani ya kukinga macho na spana ya kupimia nguvu ya kukaza vitakufikisha mbali. Chagua soketi zenye pembe sita badala ya kumi na mbili, kwa sababu kichwa cha bolti kilicholiwa na kutu huviringika upesi kikishikwa na pembe nyingi ndogo. Bolti yenye kutu ipakwe mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla, igongwegongwe kwa nyundo ndogo, na unapoanza kuifungua jaribu kwanza kuikaza kidogo, nukta tu, ili kutu ivunjike, kisha ndipo uigeuze upande wa kufungulia. Plastiki nayo huzeeka: klipu za boneti na soketi za nyaya hukauka na kukatika kama biskuti, kwa hiyo zishughulikie zikiwa na joto la mchana, na bonyeza kishikizo chake kabla ya kuvuta.

Hatua ya tatu: Badilisha oili na filta yake

Hii ndiyo kazi ya kuanzia, kwa sababu ni rahisi na kwa sababu oili inayotoka hukueleza hali ya injini ambayo hujawahi kuifungua. Washa injini kwa dakika tano hivi ili oili ipate uvuguvugu na kubeba uchafu, kisha zima. Isiwe ya moto sana, kwa kuwa oili iliyochemka huunguza mkono kabla hujaondoa kidole. Fungua kifuniko cha juu cha kujazia, weka beseni lenye ujazo unaozidi kiasi cha oili, ambacho kwa injini nyingi ndogo za silinda nne ni kati ya lita 3 na 5, kisha fungua bolti ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Zungusha kwa mkono ukiisukuma ndani hadi uzi wa mwisho, halafu iondoe kwa mara moja, ili oili isikumwagikie mkononi.

Oili ikitoka, iangalie kabla ya kuimwaga kwenye dumu. Weusi peke yake hauogopeshi. Kinachotisha ni vipande vya chuma vinavyong'aa, au rangi ya chai ya maziwa ambayo huashiria kwamba maji yameingia. Hapo hitimisho lisifanywe haraka, kwa sababu povu jepesi la rangi hiyo chini ya kifuniko cha juu linaweza kusababishwa na safari fupifupi ambazo injini haipati joto la kutosha kukausha unyevu. Likiandamana na kulanti inayopungua, basi gasketi ya silinda hedi, inayotenganisha oili na kulanti juu ya injini, iko mashakani.

Filta ifunguliwe baada ya hapo. Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii, mpira wa filta ya zamani ulibaki umenata kwenye injini, nami nikafunga filta mpya juu yake bila kutazama. Injini iliwaka vizuri kwa sekunde kadhaa, kisha oili ikaanza kuruka pembeni kwa nguvu, na nilipozima zaidi ya lita moja ilikuwa tayari sakafuni. Tangu siku hiyo hupitisha kidole kwenye uso wa injini mahali filta inapokaa, na huihesabu mipira: mmoja umetoka na ya zamani, mmoja uko kwenye mpya. Paka mpira mpya oili safi, zungusha filta kwa mkono hadi iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko, bila spana.

Bolti ya sampu irudishwe ikiwa na washa mpya, na ikazwe kwa kiwango kilichoandikwa kitabuni. Sampu nyingi ni za alumini, na nyuzi za alumini zilizokazwa kupita kiasi na mafundi watatu waliotangulia huwa zimebakiza uhai mdogo. Ukihisi bolti inazunguka laini bila kukamata, acha kukaza mara moja.

Jaza oili pungufu kidogo ya kiwango, washa injini kwa dakika moja, hakikisha taa ya oili inazima ndani ya sekunde chache, zima, subiri dakika tano hadi kumi, kisha pima kwa kijiti na uongeze kidogokidogo. Kupitiliza alama ya juu si ukarimu kwa injini, kwa sababu krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, huipiga oili hiyo hadi ikawa povu, na povu halilainishi.

Swali linaloulizwa sana ni kama injini kongwe ipewe oili nzito zaidi. Katika maandishi kama 5W-30, namba ya kwanza yenye herufi W huonyesha jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi, na ya pili huonyesha uzito wake injini ikiwa na joto la kazi. Kama kitabu kinaruhusu 5W-30 na 10W-40, na injini yako inakula oili, kuhamia kwenye 10W-40 ni jambo la busara. Kumimina oili nzito isiyoruhusiwa ili kunyamazisha kelele ni kumziba mgonjwa mdomo. Jambo la maana zaidi ni kupima kila wiki na kuandika kiasi ulichoongeza, kwa kuwa injini inayotumia robo lita kila kilomita 1,000 kwa miaka miwili mfululizo haina dharura, ilhali ile iliyoruka kutoka robo hadi lita nzima katika mwezi mmoja inayo. Moshi wa buluu unaotoka asubuhi injini inapowashwa kisha ukatoweka mara nyingi hutokana na sili za valvu; ule unaotoka unapokanyaga mafuta huelekeza kwenye ringi za pistoni.

Oili chafu itiwe kwenye dumu lenye kifuniko na ipelekwe kwenye gereji au kituo kinachoikusanya. Isimwagwe ardhini wala mtaroni, kwa kuwa kiasi kidogo tu huharibu maji mengi.

Hatua ya nne: Kagua mfumo wa kupoza

Injini nyingi kongwe haziuawi na kilomita, huuawa na joto la siku moja. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa na moto, hata kama una haraka ya namna gani, kwa sababu kulanti iliyo chini ya shinikizo huwa imepita nyuzi 100 na huchemka na kuruka mara tu shinikizo linapoondoka.

Injini ikiwa baridi, binya mipira ya rejeta mmoja baada ya mwingine, hasa karibu na klipu. Mpira mzima hurudi kwa upole. Uliooza ndani huwa laini kama tambi zilizopikwa, na uliokauka hutoa mlio wa kupasuka. Tazama pia matangi ya plastiki yaliyo kwenye ncha za rejeta, kwani rangi yake ikigeuka kutoka nyeusi hadi kahawia na nyufa ndogo zikaonekana, rejeta hiyo inahesabu siku. Kifuniko cha rejeta ni kipuri cha bei ndogo chenye springi na mpira, na mpira wake ukipasuka kulanti itachemka mapema bila kosa lolote la rejeta.

Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini hufaa magari mengi. Maji matupu ya bomba huleta kutu na ukoko wa chokaa ndani ya njia nyembamba, na dawa ya kuzuia kutu iliyomo kwenye kulanti huisha nguvu baada ya miaka kadhaa hata kama rangi bado inavutia. Rangi, kwa bahati mbaya, si kipimo cha aina: kulanti mbili za kijani zinaweza kuwa na kemikali zisizopatana, kwa hiyo soma maandishi ya chupa. Baada ya kujaza upya injini ikiwa baridi, fungua hita ya ndani hadi mwisho, acha kifuniko wazi na uwashe injini mpaka themostati (valvu inayofunguliwa na joto) ifunguke, huku mapovu yakitoka na wewe ukiongeza kidogokidogo, kisha funga kifuniko kabla kulanti haijaanza kupanda na kufurika. Hewa iliyobaki ndani ndiyo inayofanya mshale wa joto upande na kushuka bila sababu. Usiondoke hapo kabla hujasikia feni ya umeme ikijiwasha yenyewe.

Hatua ya tano: Kagua breki, na ujue mpaka wako

Kupima breki ni kazi ya kila mwenye gari. Kuzitengeneza ni kazi ya mwenye utulivu. Ondoa gurudumu na utazame unene wa pedi. Zikibaki milimita 3 za sehemu inayosugua, wakati wa kuzibadilisha umefika, na zibadilishwe pande zote mbili za ekseli. Diski ina unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, uliochongwa mara nyingi kwenye ukingo au kitovu chake. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Lipanguswe kwa kitambaa kilicholowa.

Unapofungua kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski, itundike kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa mpira wake. Pini ambazo kalipa huteleza juu yake ndizo chanzo cha pedi moja kuisha huku mwenzake ikiwa nzima, basi zisafishe na uzipake grisi maalumu ya breki. Kabla ya kurudisha pistoni ya kalipa ndani, angalia kopo la mafuta ya breki lisije likafurika, kwa sababu mafuta hayo hubabua rangi ya gari. Kazi ikiisha, kanyaga pedali mara kadhaa gari likiwa limesimama, mpaka iwe ngumu. Pistoni iliyosukumwa ndani huacha nafasi, na kanyago la kwanza huzama hadi sakafuni. Usilingoje kanyago hilo barabarani.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanapaswa kustahimili angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka, lakini yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 hivi, kiwango hicho cha chini huwa nyuzi 155 tu. Ndiyo sababu watengenezaji wengi hutaka yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Kama, unapoyabadilisha, utatoa upepo kwenye mabomba ya breki kwa njia ya msaidizi kukanyaga pedali, weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike mwisho kabisa. Kwenye silinda kuu ya zamani, ile ambayo pedali husukuma mafuta kupitia kwake, sehemu ya ndani ambayo sili hazikuwahi kuifikia huwa na kutu, na sili zikipita hapo mara moja huchanika, ukajikuta umeharibu kilichokuwa kinafanya kazi.

Nati za gurudumu zikazwe kwa mpangilio wa nyota, zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Hatua ya sita: Umeme, plagi, mikanda na matairi

Betri ya volti 12 iliyopumzika usiku kucha ikiwa nzima husoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.2 imebakiza nusu hivi. Injini ikiwa inaunguruma, namba hiyo inapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5, na isipopanda, alteneta (inayochaji betri) au mkanda wake ndio wa kushukiwa, si betri. Unapofungua nyaya anza na hasi, unapofunga malizia na hasi. Ukoga mweupe au wa kijani kwenye vichwa husafishwa kwa magadi yaliyoyeyushwa katika maji ya uvuguvugu na brashi. Fuata pia waya hasi hadi pale unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini, kwa kuwa kutu mahali hapo huzaa vituko vinavyopelekea watu kununua kompyuta ya gari bure: taa zinazofifia, mishale inayocheza, stata inayogoma.

Plagi zifunguliwe injini ikiwa baridi, moja moja, ili waya zisichanganyike. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu ni ya afya. Masizi makavu huonyesha mafuta mengi au filta ya hewa iliyoziba, na uloevu wa oili hukurudisha kwenye daftari la oili. Mkanda wa nje wenye nyufa au unaopiga mluzi asubuhi ubadilishwe. Matairi yatazamwe mtindo wa kuisha kwake: upande mmoja ukiisha kabla ya mwingine, pangilio la magurudumu au bushi zina kasoro. Tarehe ya tairi husomwa kwenye namba nne za ubavuni, ambapo 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi kongwe lenye nyufa halifai hata kama meno yake ni marefu.

Kazi za kumwachia fundi

Mkanda wa taiming ni wa kwanza, kwa sababu kwenye injini nyingi jino moja likikosewa valvu na pistoni hugongana. Springi za shokapu zilizobanwa zina nguvu ya kuua. Mifuko ya hewa ya usukani, gesi ya kiyoyozi na mabomba ya mafuta yenye shinikizo kubwa ni vya wenye vifaa na mafunzo yake. Hata hapo daftari lina kazi, kwa kuwa fundi anayeelezwa kwamba mlio ulianza lini, injini ikiwa baridi au ya moto, na nini kilibadilishwa wiki iliyotangulia, hutumia muda mfupi zaidi kutafuta.

Baada ya kila kazi, uwe umeifanya wewe au fundi, endesha kilomita kumi hivi karibu na nyumbani, rudi, tandaza tena ile katoni chini ya injini, na asubuhi andika ulichokikuta juu yake kabla hujafungua boneti kwa kazi nyingine.